Barua ya wazi: Mheshimiwa, mionzi ya dada yangu isikatizwe tena

Mheshimiwa uliyekabidhiwa dhamana ya afya zetu,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Pasua, Moshi, kwa heshima zote, ila sitaficha kwamba uvumilivu umeniishia. Wiki hii mashine ya mionzi anakotibiwa dada yangu imekufa tena. Wagonjwa walikaa kwenye benchi tangu alfajiri. Saa nne akatoka mhudumu, akasema nendeni nyumbani, mtapigiwa simu. Nyumbani wapi, kwa mtu aliyetoka mkoani na kujishikiza kwa shemeji?

Dada ana saratani ya mlango wa kizazi. Ni mchuuzi wa ndizi soko la Mbuyuni, na kwa ndizi hizo kasomesha watoto. Nyongani amechorwa mistari ya wino ya kulengea mionzi, akaambiwa isifutike. Basi anajipangusa kwa kitambaa kilicholowa, akiikwepa. Jasho linaifuta hivyo hivyo, na kila jioni ananiuliza, "Mdogo wangu, bado inaonekana?"

Mheshimiwa, kwa ugonjwa huu siku chache si kitu kidogo. Mionzi ya nje, inayopigwa na mashine, na ile ya ndani, inayowekwa karibu na uvimbe wenyewe, inatakiwa ikamilike ndani ya wiki 8. Ikivuka hapo, nafasi ya kupona inapungua, kwa sababu chembe za saratani zilizosalia hupata muda wa kuzaliana upya. Na mionzi haipigani peke yake. Daktari mmoja, Mungu ambariki, alikaa akanieleza kwamba ndani ya uvimbe huingia askari wa mwili, zikiwemo chembe nyeupe za damu ziitwazo CD8, ndugu wa zile CD4 tunazozisikia kliniki za VVU. Tafiti kadhaa zimeonyesha kuwa wanawake ambao uvimbe wao ulikuwa na askari hao wengi kabla ya tiba, mara nyingi hupata matokeo mazuri zaidi baada ya mionzi. Lakini askari haohao huuawa upesi na mionzi, ndiyo maana chembe nyeupe hushuka kwenye damu ya mgonjwa. Dada yangu ameshapungukiwa na kinga kwa ajili ya tiba hii, halafu tiba yenyewe inaachwa njiani! Na wenye VVU je, ambao hatari yao ya kupata saratani hii ni mara 6 zaidi?

Wengine wanasema kipuri hakipo, wengine mkataba wa fundi umeisha. Mimi naamini ni fungu la matengenezo: mashine inazinduliwa kwa ngoma, kesho hakuna wa kuitunza. Ulisimama mbele yetu ukaahidi kwamba mgonjwa wa Kaskazini hatahangaika tena. Tulikupigia makofi kwa moyo mweupe. Chanjo ya HPV, yaani ya kukinga virusi vinavyosababisha saratani hii, inayotolewa kwa mabinti tangu 2018 tunaishukuru, ila dada yangu ilimkuta mtu mzima.

Naomba kipuri na fundi viwepo muda wote. Naomba mashine ikifa, mgonjwa ahamishiwe kwingine bila kudaiwa nauli, na siku zilizopotea zifidiwe kwa utaratibu wa madaktari. Kama yote hayo ni mazito, basi hili moja: mashine iwake wiki hii. Wiki za dada yangu zinaendelea kuhesabika hata sasa unaposoma. Iwake wiki hii, Mheshimiwa, na wagonjwa waambiwe siku yenyewe, si "mtapigiwa simu".

Wako mwananchi,
Mdogo wa mgonjwa, Pasua, Moshi