Barua kwa mpwa wangu: mbuzi wako wana matende

Mpwa wangu,

Salaam nyingi. Picha za modeli yako ya kichochoro nimeziona. Mlango wa nakshi umekaa, baraza imekaa, na chokaa ya ukuta imebanduka pale pale inapobanduka kweli, chini kwenye unyevu. Kisha macho yakashuka kwa mbuzi. Mwanangu, mbuzi wale wana matende.

Chukua rula. Skeli yako ni 1:35, yaani kila kitu ni kidogo mara 35 kuliko cha kweli. Muundi wa mbuzi wa mtaani una unene wa kama sentimita 2.5, gawa kwa 35, wapata milimita 0.7. Wewe umeweka milimita 2, yaani sentimita 7 kwa mnyama mzima. Huo ni mguu wa ng'ombe. Na kosa si la pati, ule udongo wa epoksi unaofinyangia, ni la waya wa ndani. Umetumia waya wa umeme wa nyumba, ule wa milimita mraba 1.5, ambao peke yake una kipenyo cha karibu milimita 1.4 kabla hujaupaka chochote. Menya kebo ya intaneti badala yake: ndani mna nyaya nane, kila mmoja karibu nusu milimita. Hakikisha ni shaba tupu, maana zile za alumini iliyopakwa shaba hukatika ukizikunja mara mbili tatu. Waya wa nusu milimita unakuachia 0.1 kila upande, kwa hivyo chini ya goti usifinyange kitu. Paka tu, kama unavyopaka siagi kwenye mkate.

Kabla ya kukunja waya, chora mbuzi kwa ubavu kwenye karatasi, urefu begani milimita 17 (sentimita 60 kwa 35). Waya mmoja uende kutoka puani hadi mkiani. Wa pili ukunje uwe miguu ya mbele, wa tatu miguu ya nyuma, uzungushe kwenye uti wa mgongo na utie tone la superglu. Acha sentimita moja ya ziada chini ya kila kwato: utaichomeka kwenye kizibo wakati wa kazi, na baadaye kwenye sakafu ya modeli.

Hapa ndipo wengi hupotea. Kile kifundo cha mguu wa nyuma kinachopinda kwenda nyuma si goti, ni kisigino. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo, limefichwa na ngozi. Mbele, kisugudi kiko usawa wa kifua, na hicho unachokiita goti ni kifundo cha mkono. Ukikosea hapo, mnyama atafanana na meza hata umchonge manyoya mwezi mzima. Mkia wa mbuzi husimama, wa kondoo huning'inia. Wako wawili wameinamisha mikia, na kwa mbali nimewadhania kondoo.

Sasa pati. Ile ya mafundi bomba inayouzwa hadwea ina chembechembe na huganda kwa dakika chache. Itumie kujazia matumbo tu. Kwa sura tumia ile ya njano na bluu inayogeuka kijani. Ikija kwenye utepe mmoja, kata ule mstari wa katikati rangi zinapogusana uutupe, kwani pale imeshaanza kuganda na itakutia vijiwe ndani ya kazi. Kanda nusu kwa nusu mpaka mistari ya rangi iishe kabisa. Njano ikizidi, inabaki laini na ya kunata. Bluu ikizidi, inakuwa ngumu haraka. Mimi napenda kuichanganya na Milliput, pati nyingine ya epoksi, kiasi sawa, kwa sababu ya kijani peke yake haipigiki msasa vizuri, inavutika kama mpira. Vaa glovu: kiungo cha kugandisha huleta upele, na ngozi ikishakikataa haisahau. Msasa upige na maji, vumbi lile si la kuvutwa.

Karatasi ya maelekezo itakwambia una saa moja na nusu. Hiyo imeandikwa kwa watu wa baridi. Wakati wa kaskazi hapa Mombasa hupati muda huo, basi kanda kidogo kidogo, na iliyobaki ifunge kwa plastiki uitie kwenye friza.

Kidogo ni kiasi gani? Mbuzi wa kilo 28 ana ujazo wa kama lita 28. Gawa kwa 35 mara tatu, yaani kwa 42,875, inabaki mililita 0.65. Ni theluthi ya gololi, na hiyo yote haiingii siku moja. Siku ya kwanza, utando mwembamba tu juu ya waya, kisha uache saa 24. Ukiruka hatua hii, nyama huzunguka kwenye waya kila ukiigusa. Siku ya pili, kifua, tumbo na mapaja. Ya tatu, kichwa na ngozi. Chovya sindano kwenye maji, lakini ipanguse, kwa sababu maji yakibaki kati ya tabaka mbili, ile ya juu itabanduka kama rangi ya mtumbwi.

Masikio usiyavute kutoka kichwani. Tandaza pati juu ya plastiki yenye poda, ingoje mpaka ipindike kama ngozi ya kiatu, kisha kata vipande vya milimita 3.5 na ubandike. Ya punda ni milimita 7. Huyo punda mjaze karatasi ya alumini tumboni, la sivyo atakula pati ya mbuzi watano.

Manyoya achana nayo. Mkwaruzo wa milimita moja ni sentimita tatu na nusu kwa mbuzi mzima, na wetu wana nywele fupi. Ndevu zinatosha.

Wale ulionao usiwatupe. Kata miguu kwenye tumbo, toboa kwa keekee ya milimita 0.5, tia waya mpya, na kisu kikali kitapunguza yaliyobaki.

La mwisho ni kunguru wa paani. Umesema kichochoro ni cha miaka ya 1880, na umewapaka shingo ya kijivu. Yule ni kunguru wa Kihindi, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890, baada ya kichochoro chako. Weka kunguru wetu wa asili: ongeza milimita mbili za urefu, na umvishe fulana nyeupe kifuani mpaka nyuma ya shingo.

Mjomba wako