Barua ya wazi kwa Waziri anayesimamia sheria za uchaguzi Uingereza: kututisha basi

Mheshimiwa Waziri,

Salamu, na pole na majukumu. Mimi Mtanzania naishi Leicester, nafanya kazi ya kea, kuwahudumia wazee majumbani, na kura napiga maana sheria yenu inaturuhusu sisi wa Jumuiya ya Madola wenye kibali cha kuishi, kwa hiyo usidhani nadandia treni kwa mbele.

Wiki iliyopita nimeingia kwa mzee mmoja kumuogesha nikamkuta kashika kipeperushi cha chama fulani, wanaume wamejazana kwenye boti na maandishi mekundu eti wanakuja mtaani kwako. Akaniuliza, hivi na wewe ulikuja na hawa? Nikamwambia nilikuja na ndege babu, viza nimelipia. Siku hiyo mswaki hakutaka nimshikie.

Nikauliza pa kulalamika, kumbe hakuna! Advertising Standards Authority, wale wanaosimamia ukweli wa matangazo ya biashara, matangazo ya uchaguzi waliyaacha tangu 1999, Tume ya Uchaguzi inaangalia hela na jina la aliyechapisha basi. Yani muuza shampuu akisema inaotesha nywele alete ushahidi, ila anayewatisha wazee usiku wasilale huyo ruksa. Hongereni.

Na hii sio ya jana. 2011 kwenye kura ya maoni ya mfumo wa kupiga kura mliweka kichanga mgonjwa kwenye bango, eti hela za mfumo mpya, pauni milioni 250, bora zimtibu yeye. 2016 kwenye kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya (EU) tukaambiwa Uturuki yenye watu milioni 76 inajiunga EU, mpaka leo haijajiunga. Mwaka huohuo Nigel Farage, mwanasiasa aliyepigia debe kujitoa, akasimama mbele ya bango la foleni ya wakimbizi, picha yenyewe ilipigwa mpakani mwa Kroatia na Slovenia, Uingereza iko wapi hapo jamani? Na sisemi upande mmoja, 2023 chama cha Labour walitangaza kwamba Rishi Sunak haoni wanaodhalilisha watoto kingono wafungwe, waziri mkuu mzima wa wakati huo!

Nadhani matangazo haya hamyagusi kwa sababu uchaguzi ukifika wote mnayahitaji, sijui, labda nakosea. Mtaniambia uhuru wa maoni. Sawa, mbona sheria ya uchaguzi ya 1983 inakataza kumsingizia mgombea mambo ya tabia yake binafsi? Mgombea mmoja analindwa, sisi tunaosingiziwa kwa mafungu tukalindwe wapi?

Naomba kitu kimoja tu mheshimiwa, tangazo la kura likaguliwe ukweli kama la shampuu. Sio tume ya kuchunguza, sio semina, likaguliwe, na anayedanganya aliondoe hadharani kabla watu hawajapiga kura, sio baada. Hicho tu. Likaguliwe.

Nasubiri majibu, na tafadhali sio yale ya "tumepokea barua yako".

Mpiga kura wako,
Leicester