Kabla hujanunua lenzi

Tanga

Swahiba yangu,

Salamu nyingi. Huku sisi wazima, ila joto na chumvi ya bahari havituachi, wala vyombo vyetu haviviachi. Hongera kwa hiyo kamera ya Sony isiyo na kioo cha kupinduka. Umeniuliza ununue lenzi gani kwa hela iliyobaki, nami nakwambia: tafuta Helios 44-2 kuukuu pamoja na adapta ya M42, yaani pete ya kuunganishia lenzi za zamani za kukaza kwa skrubu. Usicheke kwanza.

Hiyo ni lenzi ya enzi za Usovieti, milimita 58, f/2 (hiyo f ni namba ya tundu la mwanga: ikiwa ndogo, tundu ni pana), iliyokuwa ikiuzwa na kamera za Zenit. Mafundi wa huko waliiunda kwa kufuata Biotar ya Carl Zeiss Jena. Kinachoifanya itafutwe mpaka leo ni kasoro yake. Msimamishe mtu mbele ya mti wenye majani yanayopenyeza mwanga, ufungue mpaka f/2, uone huko nyuma yake kunavyozunguka kama maji yaliyokorogwa. Lenzi mpya zimenyooshwa mno, hazikupi hilo.

Inaingiaje kwenye kamera ya leo? M42 inataka milimita 45.46 kutoka pale inapokazwa mpaka kwenye sensa. Sony yako ina 18 tu. Adapta inajaza hiyo nafasi, basi. Ndani hamna umeme wala kioo, ni pete ya chuma, kwa hiyo asikuuzie mtu kwa bei ya lenzi. Mwenye Nikon ya zamani, zile zenye kioo cha kupinduka, ndiye mwenye taabu: yake ina milimita 46.5, tayari imezidi, na vitu vya mbali havishiki fokasi mpaka adapta iongezewe kilenzi ambacho mara nyingi huchafua picha.

Ukiifunga, kamera itadhani haina lenzi na huenda ikagoma kupiga. Ingia kwenye menyu, ruhusu kupiga bila lenzi. Kama bodi ina kituliza mtikisiko, iandikie 58 kwa mkono, maana haina wa kuiambia. Kwenye lenzi yenyewe utakuta pete mbili za mwanga: moja unachagulia namba, nyingine unafungua na kufunga. Tafuta fokasi ikiwa wazi, kisha funga, kisha piga. Ile rangi ambayo kamera huwasha kwenye kingo za kitu kilichoshika fokasi itakusaidia, lakini kwenye f/2 inadanganya sana. Kuza picha kwenye skrini, ulenge jicho.

Sasa usije ukaipeleka harusini! Bibi harusi akishaanza kuingia ukumbini hakungoji uzungushe pete. Hii ni ya mtu aliyekaa: bibi yako barazani, fundi cherehani, mvuvi anayeshona nyavu. Na kama sensa yako ni ile ndogo ya APS-C, lenzi ya 58 itaona kwa ufinyu kama ya milimita 87, kwa hiyo chumbani utajikuta mgongo umefika ukutani.

Kitakachokuumiza huku pwani ni ukungu, ile kuvu inayoota ndani ya vioo vya lenzi. Kabla hujalipa, fungua tundu la lenzi lote, mulika tochi ya simu kutoka nyuma, uchungulie mbele. Vumbi kidogo lisikutishe. Ukiona nyuzi nyeupe zimetambaa kwenye kioo, rudisha, hata ukipunguziwa nusu bei. Zungusha na pete ya fokasi. Ikiwa nzito, grisi imeganda, hilo fundi analiweza. Ukikutana na lenzi nyingine ya zamani, Super-Takumar 50 f/1.4, iliyogeuka manjano, huo si ukungu: baadhi yake zina thoriamu, madini yenye mnunurisho, kwenye kioo, na kuianika juani hupunguza ile rangi. Ikifika nyumbani, iweke kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, siyo kwenye mkoba wa ngozi. Ngozi hushika unyevu.

Ukipata ya kununua, nitumie picha ulizoipiga kwa tochi kabla hujatoa pesa. Nisalimie shemeji na watoto.

Wako,
swahiba wako wa Tanga