Barua kwa Rehema: baghala na furu

Kirumba, Mwanza

Mpendwa Rehema,

Barua yako nimeipata. Mama amepokea shikamoo yako, anasema marahaba na anauliza lini utaleta zile karanga. Huku tu wazima.

Umetaka kujua umjibu nini yule kijana wa kidato cha nne anayeuliza kwa nini baghala hazai. Jibu lililozoeleka ni fupi: farasi ana kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) 64, punda 62, mtoto wao baghala 63, kwa hiyo wakati wa kutengeneza mbegu au mayai kromosomu hazipatani kuoana. Sawa, ila mimi naona hesabu hiyo inasifiwa kupita kiasi. Wapo machotara wa inzi ambao kromosomu za wazazi wao zinalingana idadi, na bado ni tasa.

Ugomvi mara nyingi uko kwenye jeni zenyewe, yaani maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya kromosomu. Fikiria mafundi wawili wa mitumbwi, mmoja Ukerewe, mwingine Musoma. Kila mmoja anabadilisha vipimo vyake kidogo kidogo, na mitumbwi yao yote inaelea. Sasa unda mmoja kwa nusu ya mbao za huyu na nusu za yule, uone kama hauvuji. Chotara ndiye mahali jeni hizo zinapokutana mara ya kwanza. Mwanabiolojia Bateson aliliona hilo mwaka 1909, likasahaulika, hadi wenzake Dobzhansky na Muller walipolifikia kwa njia yao.

Lakini usiishie hapo, maana furu wetu, wale samaki wadogo wa ziwani, wanaivuruga hadithi nzima. Ziwa hili la Viktoria lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita, na leo wanakadiria spishi zaidi ya 500 za furu. Muda huo ni mfupi mno kwa jeni kufikia kukataana. Pale kisiwa cha Makobe, kwenye maji maangavu, dume wa buluu hukaa karibu na juu, na yule mwenye mgongo mwekundu na ubavu wa njano hukaa chini zaidi, ambako mwanga unaobaki umeelemea wekundu. Huyu mwekundu ndiye Pundamilia nyererei, kapewa jina la Mwalimu. Ukiwazalisha pamoja, watoto wao wanazaa bila shida! Kinachowatenga ni jicho la jike, linalochagua rangi. Maabara walipowasha taa inayoficha tofauti ya rangi, majike wakachagua ovyo.

Ndiyo maana tope linaniudhi kuliko sangara, ambaye kila mtu anamlaani kwa kuwala furu. Kule ndani ya Ghuba ya Mwanza maji yalikochafuka, mpaka kati ya buluu na nyekundu umefifia, samaki ni wa katikati tu. Mtafiti Seehausen na wenzake waliliandika hilo mwaka 1997. Spishi zinayeyuka bila hata mmoja kuvuliwa.

Kijana akisisitiza kwamba spishi mbili ni lazima chotara wao awe tasa, mpe mfano huo wa furu uone atasemaje, kisha uniandikie. Na karanga usisahau.

Wako,
Zawadi