Usitafute Upanga

Mpendwa Rukia,

Salamu nyingi, na za watoto pia. Umeniuliza kwa nini yule jenerali wa Korea kwenye picha uliyonitumia hana upanga wala deraya, amekaa tu kitini kama karani. Ndivyo ilivyotakiwa. Enzi za Joseon, ufalme wa zamani wa Korea, aliyetunukiwa heshima ya gongsin kwa kuokoa nchi au kiti cha mfalme alichorwa na wachoraji wa Dohwaseo, idara ya uchoraji ya ikulu. Alivaa joho la kazi lenye shingo ya mviringo na kofia nyeusi yenye mabawa mawili, viganja vimefichwa ndani ya mikono mipana, miguu juu ya kibao. Wa vita na wa kalamu walikaa mkao mmoja.

Kwa hiyo anza kifuani. Kile kipande cha mraba, hyungbae, ndicho kinachotaja kazi yake. Utaratibu wa 1454 uliwapa wanajeshi wa daraja la 1 na la 2 chui milia na chui, wa daraja la 3 dubu. Maofisa wa kiraia walipewa ndege. Karne za mwisho mambo yakarahisishwa: chui milia wawili kwa wakubwa, mmoja kwa wadogo. Ila usikurupuke. Oh Myeong-hang aliongoza jeshi lililozima uasi wa 1728, na bado kifuani ana ndege, kwa kuwa alikuwa ofisa wa kiraia.

Mkanda unathibitisha cheo: pembe ya kifaru ni daraja la 1, dhahabu la 2, fedha huanzia la 3. Chini ya miguu ukiona zulia la rangi nyingi, fikiria karne ya 17; mkeka uliofumwa maua ni wa baadaye.

Uso ndio kazi yenyewe. Hariri huwambwa kwenye fremu, ikapakwa gundi ya wanyama iliyochanganywa na shabu. Shabu ikipungua rangi inasambaa. Ikizidi hariri inakauka na kukatika. Kisha rangi ya ngozi hupakwa kwa nyuma, ipenye nyuzi na kuonekana mbele ikiwa laini. Mikunjo na ndevu huchorwa mbele, unywele mmoja mmoja. Mchoraji akiweka yote mbele, rangi inakuwa nene, na picha ikikunjwa na kukunjuliwa miaka mingi inabanduka, mara nyingi usoni. Na hawakumpamba mtu: huyo huyo Oh Myeong-hang ana makovu ya ndui na uso uliopiga weusi. Mimi hapo ndipo ninapowavulia kofia.

Uliza pia mwaka wa picha, maana nakala ni nyingi. Orodha ya 1604 ya waliotukuzwa kwa vita dhidi ya Wajapani ina watu 18, na daraja la kwanza lina Yi Sun-sin, Gwon Yul na Won Gyun. Lakini Yi Sun-sin, yule jemadari wa majini, alikufa vitani 1598, kabla ya orodha hiyo. Kwa hiyo sura yake iliyoko Hyeonchungsa, hekalu la kumbukumbu yake mjini Asan, si ya enzi zake: ilichorwa na Chang Woo-soung mwaka 1953.

Picha yako ina ukungu, sioni vizuri kama ni chui milia mmoja au wawili. Nipigie nyingine, kifua na mkanda kwa karibu, bila flashi.

Wako,
Mwanaidi