Barua kwa mwanangu: daftari la jikoni

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia mmepata nyumba na wote wanne mmeshahamia. Pango mmeelewana, hapo sina la kuongeza. Wasiwasi wangu ni matumizi ya kila siku, maana ndiyo yanayowafanya watu walionunuliana soda wapitane koridoni bila salamu.

Nunueni daftari kubwa, mlifunge kamba jikoni. Chora safu nne: tarehe, kitu, bei, aliyetoa. Aliyenunua aandike siku hiyo hiyo, hata kama ni chumvi au kiberiti. Vitu vya mia mbili mia tatu ndivyo husahaulika, na mara nyingi anayevinunua ni yule yule.

Ukurasa wa pili uwe wa sahani. Kila mlo, vuta kijiti kimoja mbele ya jina la aliyekula. Chakula msigawane sawa kwa sawa ikiwa mmoja wenu anafanya zamu za usiku na mwingine hurudi kwao kila mwisho wa wiki. Tuseme mwezi umeisha, chakula na gesi vimegharimu 168,000, na vijiti ni 240. Sahani moja ni 700. Wewe na mwenzako wa chumba cha pili mmekula 70 kila mmoja, kwa hiyo kila mtu 49,000. Wa tatu amekula 60, wake ni 42,000. Wa zamu za usiku amekula 40, wake ni 28,000.

Sasa tazama nani alitoa nini. Kama wewe ulitoa 90,000, wa pili 48,000, wa tatu 30,000 na wa nne hakutoa kitu, toa fungu la kila mtu kwenye alichotoa. Wewe unadai 41,000. Wa pili anadaiwa 1,000, wa tatu 12,000, wa nne 28,000. Wote wakutumie wewe, yaishe kwa miamala mitatu. Msilipane kitu kimoja kimoja kila siku, ada za kutuma zitawamaliza. Ila wekeni kikomo: mtu akishatoa 50,000 zaidi ya wenzake, hesabu ifungwe palepale, asigeuzwe benki ya nyumba hadi mwisho wa mwezi.

Umeme una hesabu yake. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo anayenunua wa kwanza mwezi ukianza hupata uniti pungufu, kisha wenzake wanadhani kanunua kidogo. Someni ujumbe wa tokeni na muuhifadhi. Kama 10,000 bila makato hayo imetoa uniti 28, uniti moja ni kama 357. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Iandikeni pembeni, mkubaliane naye muikate kwenye pango.

Kisha angalieni vyombo vinavyokula umeme. Wati gawanya kwa elfu, zidisha kwa saa, unapata uniti. Hita ya ndoo ya wati 1,500 ikiwashwa dakika 20 kila asubuhi ni nusu uniti; kwa siku 30 ni uniti 15, karibu 5,350. Anayeitumia alipe hiyo kwanza, kinachobaki ndicho mgawane kwa wanne. Pasi usiipigie hesabu hiyo moja kwa moja, kwa sababu ikishapata moto hujizima na kujiwasha, na hula pungufu ya wati zilizoandikwa. Taa ya LED ya wati 9, saa tano kila usiku, haifiki hata 500 kwa mwezi. Taa msihesabiane, mwanangu, mtachokana bure.

Mgeni wa siku mbili ni wa nyumba nzima. Akifika ya tatu, vijiti vyake viandikwe kwa aliyemleta.

Mtungi wa gesi ni jambo jingine. Gesi huisha, mtungi hubaki. Mkichanga kuununua, andikeni ukurasa wa mwisho nani alitoa kiasi gani, na leo hii mkubaliane atakayehama atarudishiwa kiasi gani. Siku ya kuhama, mizigo ikiwa mlangoni, hamtaelewana. Fanyeni vivyo hivyo kwa jiko na friji.

Nisalimie wenzako. Ukifunga hesabu ya mwezi huu, nipigie picha ukurasa wa sahani nikuhakikishie.

Mama yako