Barua haisomwi mstari mmoja

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi, na kama nimekuzidi mimi basi hujambo. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wenu wa barua. Najua mna utaratibu wa kufupisha barua ndefu, fupisheni tu, ila msichukue sentensi moja ya katikati mkaichapa peke yake na jina langu chini, maana hicho hicho ndicho kilichonileta.

Gazeti lenu la Jumapili lina kiboksi pale chini, neno la siku, mstari mmoja wa Biblia na picha ya jua linachomoza. Majuzi mkaweka Yeremia 29:11, ule wa "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya". Mzuri sana. Na asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimeshaupokea kwenye magrupu matatu ya WhatsApp, nikaukuta kwenye kioo cha nyuma cha daladala niliyopanda kwenda kanisani, na jioni bodaboda mmoja akanipita nao kwenye madigadi. Kwa hiyo siwagombezi nyie peke yenu, na mimi mwenyewe ni mtuhumiwa, tena namba moja.

Ngoja nieleze. Mimi ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, Moravian, hapa Mbeya. Mtaani kwetu tuna ibada ya nyumba kwa nyumba kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na tuna grupu ambalo kila siku mtu mmoja ana zamu ya kutuma neno. Kuna mama mmoja kwenye kundi letu, anauza vitumbua, mume wake alipigwa kiharusi na sasa ni mwaka wa pili, upande wa kulia haufanyi kazi na maneno hayatoki vizuri. Zamu yangu ikifika, kwa uvivu wangu, nilikuwa namtumia Yeremia 29:11. Kwenye grupu na inbox pia. Nadhani nimeutuma mara nne au tano, nafowadi tu na maua yake yale yale, na yeye anajibu amina mzee, ubarikiwe.

Jumamosi moja ibada ikawa kwake. Tumemaliza kuimba, kabla sijafungua neno akasema kwa adabu kabisa, "Samahani mzee, naomba kuuliza. Mbona ule mstari wa kumi hujawahi kunitumia?" Nikasema upi mama? Akafungua Biblia yake, ile ya zamani jalada jeusi limeshikiliwa na selotepu, akasoma mwenyewe, kwamba Babeli utakapotimiziwa miaka sabini ndipo Mungu atawajilia watu wake na kuwarudisha. Akafunga. Akasema, "Baba huyu ana miaka hamsini na nane. Sasa nikamwambieje?" Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa na kitabu cha nyimbo mkononi nikawa nakifunua funua kama mtu anayetafuta namba.

Nilirudi nyumbani nikasoma sura nzima, na nakiri mbele yenu kwamba zaidi ya miaka 20 nikiwa mzee wa kanisa sidhani kama nilishawahi kuisoma ile sura yote kwa kikao kimoja, nilikuwa naruka tu hadi kumi na moja, naweka kidole, natafakarisha watu. Kumbe ni barua! Mstari wa kwanza tu unakwambia, ni barua Yeremia aliyoituma toka Yerusalemu kwenda kwa watu waliotekwa na Nebukadreza wakapelekwa Babeli. Hata waliobeba wametajwa, Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia. Na njia haikuwa ya mchezo, Ezra baadaye alivyosafiri toka Babeli kwenda Yerusalemu alitumia miezi minne, iko kwenye Ezra sura ya saba. Sasa wewe umekaa ugenini, nyumba umeiacha, mfalme wako Yekonia kachukuliwa na mama yake pia, kila siku unanyoosha shingo kama kuna mtu katoka nyumbani na habari.

Na habari tamu zilikuwepo. Rudi sura moja nyuma, ya 28, kuna nabii anaitwa Hanania, amesimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote akatangaza miaka miwili tu. Miwili! Vyombo vya hekalu vinarudi, mfalme anarudi, mateka wote wanarudi. Nani asingempenda Hanania? Angekuwepo leo angekuwa na kipindi redioni na viti vya plastiki visingetosha. Mwaka huo huo, mwezi wa saba, Hanania akafa. Unafungua sura inayofuata, barua ya Yeremia inasema sabini.

Afu haisemi kaeni mkisubiri. Inasema jengeni nyumba mkae ndani yake, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, ozesheni watoto wenu, na utakieni amani mji ule mliopelekwa, uombeeni, kwa sababu katika amani ya mji huo na nyie mtapata amani. Mji wa adui jamani, waliowateka! Ni baada ya yote hayo, baada ya nyumba na bustani na harusi na miaka sabini, ndipo unaukuta mstari wa kumi na moja umekaa. Ukiusoma pale ulipo, anayeambiwa ni mtu ambaye atazeekea Babeli na pengine kuzikwa huko huko, anaambiwa Mungu hajamsahau. Mtu wa aina hiyo nilikuwa naye mtaani kwangu na mimi nikawa namtumia miaka miwili ya Hanania, yenye maua.

Kuna kichekesho humo humo. Ile barua nayo ililalamikiwa! Mwisho mwisho wa sura kuna bwana anaitwa Shemaya, yuko Babeli, anaandika barua Yerusalemu kwa kuhani Sefania, anauliza mbona hamjamkemea huyu Yeremia, anatuandikia kwamba tutakaa sana huku, eti tujenge nyumba na kupanda bustani. Ndugu mhariri, hiyo ni barua kwa mhariri kabisa, sema Shemaya hakuishia vizuri.

Sasa kilichoniuma zaidi ni kwamba kosa hili nilishalifanya nikiwa mtoto. Kijijini kwetu Rungwe, mwanzoni mwa miaka ya sabini, baba mdogo alikuwa Kitwe, Zambia, kwenye migodi ya shaba kama vijana wengi wa kwetu wa wakati ule. Barua yake ikifika bibi ananiita mimi, msomaji, niko darasa la tatu. Yeye anakaa kwenye kigoda, mimi nasimama. Barua zote zilianza vilevile, mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Siku hiyo barua ilisema ameumia mguu mgodini, amelazwa, kazi hajui kama ataendelea nayo, ila Mungu akijalia Krismasi atakuja na ataleta blanketi. Mwandiko ulinisumbua, na bibi alikuwa ananiangalia kwa furaha vile, basi nikaruka mguu, nikaruka hospitali, nikasoma Krismasi atakuja na ataleta blanketi. Hata "Mungu akijalia" niliiruka, kisa ilikuwa kwenye kona karatasi imekunjika. Bibi akasema ndaga, ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akatenga jogoo.

Jogoo yule alikaa mpaka Pasaka. Baba mdogo alirudi mwaka mwingine kabisa, na gongo. Bibi hakunichapa, aliitoa ile barua alikokuwa ameichomeka kwenye paa akanipa, akasema soma tena, yote. Nikasoma. Hakusema kitu mpaka jioni.

Basi tangu Jumamosi ile kwa yule mama nimekuwa nakagua mistari ninayoipenda, nikakuta mingi imenyofolewa kwenye barua. Wafilipi 4:13, "nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", ipo kwenye fulana za mahafali ya kidato cha nne, ipo kwenye magari ya mkopo, na timu yetu ya vijana iliimba hivyo hivyo ikafungwa tano. Aliyeandika, Paulo, alikuwa kifungoni. Mstari wa juu yake anasema amefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa, kwa hiyo katika hayo mambo yote anayoyaweza njaa imo. Na mstari wa chini yake, wa kumi na nne, anawashukuru Wafilipi kwa kushiriki dhiki yake, kisha anaendelea kutaja vitu walivyomtumia kwa mkono wa Epafrodito. Ukifika hapo unaanza kujiuliza mgonjwa wa mtaani kwako umempelekea nini, na mimi nashuku ndio maana wengi tunaishia kumi na tatu.

Nyingine ni ile ya waraka wa tatu wa Yohana, naomba ufanikiwe katika mambo yote na kuwa na afya. Nimeshakaa kwenye semina ya masaa matatu juu ya mstari ule, na bahasha zikapitishwa mara mbili, fundisho likiwa kwamba mapenzi ya Mungu ni kila mtu awe tajiri. Jamani ile ni salamu! Mzee anamsalimia rafiki yake Gayo mwanzo wa barua. Kama mtu anaweza kujenga huduma nzima juu ya salamu, basi na mimi nifungue kanisa la Hofu na Mashaka ni Juu Yako.

Najua nitajibiwa, mzee, nyie Wamoravian si ndio mlioanza? Kweli kabisa, sikatai. Mwaka 1728 kule Herrnhut, Ujerumani, kiongozi wa Wamoravian, Zinzendorf, alianza kuwapa watu wake neno la kila siku, mwaka 1731 kikatoka kitabu chake cha kwanza na mpaka leo kinatoka kila mwaka, tena ile mistari ya Agano la Kale inapatikana kwa kura, yani wanachota tu. Kwa hiyo kama ni kosa basi limo kwenye damu, na wamisionari wetu walifika Rungwe tangu 1891, wamekuwa na muda wa kutosha kutuambukiza. Lakini kule Herrnhut lile neno lilizungushwa nyumba kwa nyumba na ndugu wenyewe kwa miguu, mtu anakuja nalo mlangoni anakuona uso, anakuta kama mmelala njaa au mna mgonjwa. Na mle kitabuni la Agano la Kale linawekewa lingine la Agano Jipya ubavuni, haliachwi lenyewe. Simu yangu haikuniletea uso wa yule mama hata siku moja.

Wala sisemi mstari mmoja hauna nguvu. Mama yangu mzazi alifariki na Zaburi ya 23 mdomoni. Ila alikuwa nayo yote, mistari sita, na ule wa bonde la uvuli wa mauti ndio alikuwa anaurudia rudia siku zile za mwisho, ule wa kwanza wa sitapungukiwa na kitu wala hakuutaja sana.

Halafu hizi namba zenyewe tunazozishikia bango wala Paulo hakuziandika. Za Agano Jipya ziliwekwa mwaka 1551 na mchapaji wa Kifaransa, Robert Estienne. Ni za kutafutia tu, kama namba za nyimbo kitabuni.

Ombi langu kwenu ni dogo. Picha ya lile jua inakula nafasi kubwa kuliko neno lenyewe. Itoeni, muweke mistari mitatu ya juu na mitatu ya chini, na kama bado nafasi haitoshi basi lile tangazo la kubeti lililokaa juu ya neno la Mungu lisogee kidogo, halitakufa. Wachungaji wangu siwaambii kitu humu, nitawaambia kwenye kikao.

Na yule mama, maana mtataka kujua. Jumamosi iliyofuata tuliisoma sura ya 29 yote, kwa zamu, hata wale manabii wa uongo waliookwa motoni tuliwasoma. Akasema yeye ameshikwa na mstari wa tano, wa bustani. Kumbe nyuma ya nyumba wana kipande cha shamba alikiacha kikaota majani tangu mzee augue, kisa kila mtu alikuwa anamwambia subiri, muujiza uko njiani, baba atainuka alime mwenyewe. Sasa kuna mchicha na figiri, mwezi uliopita nimenunua mafungu mawili na sikupunguziwa hata shilingi. Mume wake yuko vilevile. Jioni wanamtoa nje kwenye kiti karibu na matuta, na anaonyesha kwa mkono wa kushoto pale ambapo maji hayajafika.

Jumamosi hii zamu ya neno ni yangu tena, na ibada iko kwao. Nimechagua barua kwa Filemoni, ina mistari 25, nitaisoma yote kuanzia salamu mpaka salamu. Hata kwenye kiboksi chenu nadhani ingeenea, mkiliondoa lile jua.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Mzee wa kanisa, Mbeya